Mkono Uigize, Kompyuta Ifute: Hotuba kuhusu Vikaragosi na Kompyuta katika Tamthilia za Njozi

Hii ni hotuba nzima kama ilivyotolewa mbele ya mafundi wa filamu, wachongaji, washonaji na vijana wa kompyuta. Imewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu mlioketi mbele, dada zangu, kaka zangu, mafundi wenzangu: hamjambo? Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyinyi wachongaji mlioacha kazi mezani.

Nianze na neno lenyewe: kikaragosi. Limetoka wapi? Uturuki kuna mchezo wa vivuli ambao mhusika wake mkuu anaitwa Karagöz, maana yake jicho jeusi. Fundi huchukua ngozi ya ngamia, huikwangua mpaka ipitishe mwanga, huipaka rangi, huichomeka kijiti, kisha huichezesha nyuma ya shuka jeupe lenye taa. Jina likapita kwa Waarabu, likashuka mpaka pwani yetu, likawa karagosi. Sasa niambieni: mkono, kijiti, mwanga na kitambaa cheupe. Hiyo si skrini? Anayesema kwamba kikaragosi na skrini ni vitu viwili visivyojuana, neno analolitamka linamkatalia.

Jambo nililokuja nalo leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Mkono uigize, kompyuta ifute. Tamthilia za njozi zinaharibika pale kazi hizi mbili zinapobadilishana viti: kompyuta inapoombwa kuigiza kwa sababu mkono haukufanya mazoezi, na mkono unapoombwa kujificha kwa sababu hakuna aliyepanga namna ya kuufuta.

Tutazame mfano ambao dunia nzima iliuona. Mwaka 1982 wachezeshaji wa vikaragosi Jim Henson na Frank Oz walitoa filamu ya njozi ya The Dark Crystal, iliyobuniwa kwa michoro ya mchoraji Brian Froud. Ndani yake hamna binadamu hata mmoja anayeonekana. Ni vikaragosi mwanzo mwisho. Kompyuta ya kufuta fimbo haikuwapo, kwa hiyo kila fimbo ilifichwa kwa pembe ya kamera, kwa jiwe, kwa pindo la nguo. Miaka 37 baadaye, Agosti 2019, Netflix ikatoa sehemu kumi za The Dark Crystal: Age of Resistance, chini ya mwongozaji Louis Leterrier. Kabla ya kuanza walifanya jaribio. Walimweka Skeksis, yule kiumbe mwenye sura ya tai mzee, akiwa kikaragosi halisi. Mbele yake wakamweka Gelfling, kiumbe mdogo mwenye sura karibu na ya binadamu, aliyechorwa kwa kompyuta. Wakatazama. Na baada ya kutazama wakaamua kwamba Gelfling naye awe kikaragosi.

Kwa nini? Hawakukosa fedha wala mafundi wa kompyuta. Viumbe wawili wanaozungumza lazima wakae katika mwanga mmoja na vumbi moja. Kikaragosi kikigeuza shingo, kitambaa cha begani hujikunja kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga, na jicho la mtazamaji hulikamata jambo hilo dogo bila kujua limelikamata. Ukimweka mmoja wa nguo na mwingine wa hesabu, kila mmoja anamuumbua mwenzake.

Lakini msinielewe vibaya. Kompyuta ilifanya kazi kubwa mno katika mfululizo ule. Ilifuta watu. Ilifuta fimbo. Ilirefusha mabonde na mbingu. Leterrier alikuwa akiishika kamera mwenyewe na kuizungusha ndani ya seti. Jambo hilo mwaka 1982 lingewaonyesha wachezeshaji wote chini ya meza. Uhuru wa kamera ulinunuliwa na kufuta.

Basi tuingie kwenye kufuta, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza usiku wao.

Fimbo ya mkono wa kikaragosi, kwa mazingira yetu, spoki ya baiskeli inatosha: unene wa milimita mbili hivi, urefu wa kama sentimita 30, haipindi ovyo. Sasa, mnaipaka rangi gani? Naona midomo yote inasema kijani. Kijani kinafaa kama nyuma ya kikaragosi kuna kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukiondoa na kuweka mandhari nyingine. Katika seti yenye miti, kuta na moshi, kijani ni adui. Kinarusha rangi yake kwenye shavu la kiumbe na kwenye manyoya, na ukishaifuta fimbo, lile doa la kijani linabaki shavuni. Pakeni rangi isiyong'aa inayofanana na kilicho nyuma ya fimbo: kijivu mbele ya mwamba, kahawia mbele ya magogo. Anayefuta atakuwa na kazi nusu.

Fimbo ipite upande gani? Hili ni kubwa kuliko rangi. Fimbo iliyo mbele ya ukuta hufutwa kwa kuurudisha ukuta, na ukuta unaweza kuupiga picha peke yake. Fimbo iliyo mbele ya kiumbe hufutwa kwa kumchora upya kiumbe, na kiumbe hatulii. Ikipita mbele ya manyoya, fundi atachora unywele mmoja mmoja katika kila fremu, yaani kila picha moja ya video, na fremu ni 25 kwa kila sekunde. Kwa hiyo chomekeni fimbo kwenye kiwiko au kisigino cha mkono, itokee nyuma ya mwili au chini, upande ambao kamera haiko. Kamera ikihama upande, fimbo nayo ihamishwe. Dakika mbili za kuhamisha fimbo zinaokoa siku mbili za kufuta.

Halafu kuna fremu tupu. Sikilizeni, hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mwongozaji akishasema "kata", asiruhusu mtu kugusa taa. Kikaragosi kitoke, wachezeshaji watoke, kamera ibaki ilipo, lenzi ile ile, umakini wa lenzi ule ule, na mrekodi sekunde kumi za seti isiyo na kitu. Hizo sekunde kumi ndizo zitakazojaza mahali palipokuwa na fimbo na mikono. Kama kamera ilikuwa inatembea, rudieni mwendo ule mara tatu bila kikaragosi: mara moja kwa kasi ile ile, mara moja polepole, mara moja haraka kidogo, ili mhariri apate kipande kinacholingana. Mkiahirisha mpaka jioni, jua limehama, wingu limekuja, na ukuta wenu una rangi nyingine.

Na kivuli je? Mtu amefutwa, kivuli chake bado kiko sakafuni kama mzimu. Kompyuta haijui kwamba kivuli kile ni cha mtu uliyemfuta. Wekeni taa kuu ubavuni au nyuma ya kikaragosi, ili kivuli cha mchezeshaji kiangukie nje ya picha. Ikishindikana, basi kivuli nacho kiingie kwenye orodha ya vya kufutwa tangu siku ya kupiga, sio kigunduliwe kwenye uhariri.

Baada ya fremu tupu, shikeni mbele ya kamera kitu cha duara kinachong'aa kwa sekunde tano, pale pale kikaragosi kilipokuwa. Mgongo wa upawa wa stili unatosha. Ndani ya mviringo ule mtaona taa zote zilipokaa, na kijana atakayeongeza moto au nyoka wa kompyuta atajua mwanga unatoka wapi. Pembeni yake shikeni mpira uliopakwa kijivu kisichong'aa, uonyeshe kivuli ni kizito kiasi gani. Kisha karatasi: lenzi ya milimita ngapi, kamera iko juu ya sakafu sentimita ngapi, kikaragosi kiko mbali nayo sentimita ngapi. Mtu mmoja, kalamu moja. Msimpe kazi hiyo yule anayeshika taa.

Wachezeshaji wakae wapi? Seti za vikaragosi hujengwa juu ya jukwaa, na mbao za sakafu hutolewa moja moja ili mtu apite chini. Mchezeshaji wa kimo cha kawaida akikalia kigoda cha magurudumu chenye sentimita 40, utosi wake hufika karibu sentimita 130. Hapo ndipo sakafu ya dunia yenu ya njozi ianzie. Jengeni chini ya hapo, na shingo za watu zitavunjika kabla ya kazi kwisha. Mkono ulionyooshwa juu unachoka upesi mno. Vipande viwe vifupi, na mtu ashushe mkono kila mara kamera inapozimwa. Na kila mchezeshaji awe na skrini yake ndogo ya kuona kile kamera inachoona. Msiigeuze picha kama kioo cha kujitazamia. Mwanzoni kila anayejifunza atapeleka mkono kulia na kuona unaenda kushoto. Baada ya mazoezi ya kila siku mkono huzoea, na kuanzia hapo anaigiza kwa ajili ya fremu.

Mkono uigize. Tumeisema nusu ya kufuta. Sasa tuiseme nusu ya kuigiza.

Afrika Kusini, mjini Cape Town, kuna kundi linaloitwa Handspring, lililoanzishwa mwaka 1981. Wao ndio waliotengeneza farasi wa mchezo wa War Horse ulioonyeshwa London mwaka 2007. Ni jukwaa, sio televisheni, na hakuna kilichofutwa. Farasi mmoja anachezeshwa na watu watatu: mmoja kichwani, mmoja kifuani, mmoja nyuma, na wote mnawaona wazi kabisa. Mbona watu walilia? Kwa sababu farasi yule anapumua. Kabla hajakimbia, kabla hajaogopa, kifua kinapanda na kushuka. Watu watatu wanavuta pumzi pamoja, na mbao na kitambaa vinakuwa mnyama. Kule Usukumani, kwenye mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, sanamu huchezwa mbele ya umati na mwenye kuzicheza anaonekana, wala hakuna anayelalamika kwamba amemwona.

Tunajifunza nini sisi wa kamera? Kwamba kiumbe asiyepumua amekufa, hata kama fimbo zote zimefutwa kwa ustadi. Kamera inapokuwa kwa mzungumzaji mwingine, kiumbe wenu aliye pembeni asigande. Apumue. Ageuze macho kidogo. Vijana wa kompyuta hupenda kugandisha kiumbe wa pembeni ili kupunguza kazi ya kufuta. Nawasihi, msifanye hivyo. Mtazamaji ataona.

Jambo la pili la kuigiza ni uzito. Kikaragosi ni chepesi. Kinarukaruka kama karatasi. Ukitaka sanamu ya sentimita 50 ionekane jitu la mita mbili, yaani kubwa mara nne, piga picha kwa kasi mara mbili ya kawaida: fremu 50 kwa sekunde, kisha ionyeshwe kwa 25. Hesabu yake ni kipeuo cha pili. Ukubwa mara nne, kasi mara mbili. Ukubwa mara tisa, kasi mara tatu. Nguo zitaanguka taratibu, vumbi litatulia taratibu, na jitu litakuwa na kilo zake. Ila mdomo ukizungumza nao utapungua kasi, kwa hiyo tumieni njia hii kwa kutembea, kuanguka na kugeuka, sio kwa maneno. Tena angalieni taa: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu zitapepesa mkibadili kasi ya kamera. Pigeni jaribio la sekunde 20 kwanza, mlitazame kwenye skrini kubwa.

Na mdomo! Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tumejaliwa. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, na mdomo wa kikaragosi hufunguka kwenye irabu. Semeni nami: ni-na-ku-pe-nda. Mmefungua mara ngapi? Tano. Kufunguka kukubwa ni wapi? Kwenye "pe", maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa semeni: mtoto. Midomo imeanza ikiwa imefungwa, kwenye "m", ikafunguka sana, ikafunguka kidogo. Anayefungua mdomo wa kikaragosi kwenye "m" ya mtoto, mtu, mbwa, amekosea lugha. Msemaji akiharakisha, mkono hautafuata silabi zote. Dondosheni zile nyepesi, lakini ile yenye mkazo msiidondoshe kamwe. Na mfungue kwa kushusha kidole gumba. Wanaojifunza hunyanyua vidole vinne vya juu, na kichwa kizima kinaruka nyuma kwa kila neno kama kuku anayekunywa maji.

Kwenye ule mfululizo wa 2019 wachezeshaji walisema maneno wenyewe wakati wa kupiga picha, na baadaye waigizaji maarufu wakaweka sauti zao juu. Midomo ilishafuata pumzi ya mtu aliyekuwa akisema kweli, na sauti mpya ikapata pa kukaa. Yupo Hup, kiumbe mdogo wa kabila la Podling anayebeba kijiko, ambaye alibaki na sauti ya mchezeshaji wake, Victor Yerrid. Msikilizeni na mmtazame. Mkono na koo ni vya mtu mmoja, na inajulikana.

Mtaniuliza: je, kompyuta isiongeze kitu chochote? Iongeze. Iongeze kile ambacho mkono hauwezi, na ikiongeze juu ya uigizaji ambao tayari upo. Ulimi unaolamba. Ukope unaofumba kwenye jicho lililotengenezwa bila ukope. Miguu ya kiumbe anayetembea kwa mbali akionekana mwili mzima. Moto, mabawa, mto wa nyota.

Na kuna njia ya tatu, ambayo ni ya zamani kuliko wengi mlio hapa. Mwaka 1989, katika kipindi cha The Jim Henson Hour, alionekana kiumbe anayeitwa Waldo. Hakuwa na sponji wala manyoya. Alikuwa wa kompyuta mtupu. Lakini mchezeshaji, Steve Whitmire, alivaa kifaa cha chuma mkononi, na alipofungua kiganja, umbo la mistari michache kwenye skrini likafungua mdomo papo hapo, likiigiza pamoja na vikaragosi halisi. Baadaye kampuni ya Pacific Data Images ikalivisha umbo lile ngozi na rangi kwa uchoraji kamili. Mmeona? Ngozi ya kompyuta, uigizaji wa mkono. Leo kijana mwenye simu inayosoma uso au glavu yenye vihisio anaweza kufanya hivyo chumbani kwake. Kama mna kiumbe ambaye lazima awe wa kompyuta, mpeni mchezeshaji. Msimwache mwenye kipanya amwigize fremu kwa fremu huku wenzake wamechezwa kwa mikono.

Tuje kwenye mandhari. The Mandalorian, tamthilia ya safari za anga iliyoanza Novemba 2019, ilipigwa ndani ya ukuta wa skrini za LED uliopinda: kimo cha mita sita hivi, uwanja wenye kipenyo cha karibu mita 23. Yule mtoto mdogo wa kijani ni kikaragosi chenye mitambo kilichotengenezwa na Legacy Effects. Mtoto wa kijani mbele ya kitambaa cha kijani, mnaona shida hiyo? Kwa ukuta wa LED shida inaondoka: mwanga wa jangwa unamwangukia masikioni kweli, na nywele zake nyepesi hazihitaji kukatwa kwa kompyuta.

Sisi ukuta huo hatuna. Lakini kikaragosi ni kidogo! Televisheni ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 na kimo cha sentimita 81. Wekeni kamera mita mbili kutoka kwa kikaragosi, mbinye lenzi mpaka fremu iwe na upana wa sentimita 60. Televisheni ikae sentimita 120 nyuma ya kikaragosi. Hapo nyuma fremu itakuwa na upana wa sentimita 96 na kimo cha 54. Inaenea ndani ya televisheni, na inabaki nafasi ya kusogeza kamera kidogo. Fungueni lenzi ili nyuma pawe na ukungu kidogo. Mkiweka umakini kwenye skrini yenyewe, mtaona mawimbi ya mistari yanacheza, na hayo hayafutiki. Zimeni mipangilio yote ya televisheni inayobadilisha mwanga yenyewe. Shuka jeusi pande zote, maana kioo cha televisheni kitawaonyesha nyinyi na kamera yenu.

Nimalizie na mwili wa kikaragosi. Sponji ya godoro ya inchi moja na gundi ya fundi viatu zinatosha kuanzia. Mkifika kwenye sura zinazohitaji mikunjo, mtataka povu la mpira, na kiwango kinachotumika sana ni gramu 150 za mpira wa msingi, 30 za kutoa povu, 15 za kuivisha, na karibu 14 za kugandisha. Kisha kalibu la jasi linaokwa kwa joto la nyuzi 85 kwa saa tatu hadi tano kulingana na unene wake. Katika joto la mchana wa pwani povu huganda kabla hamjamaliza kulimimina, likaacha mashimo puani na kwenye kope. Fanyeni alfajiri, au mpunguze cha kugandisha kwa gramu moja moja mkijaribu. Joko la kuokea hilo lisipikiwe chakula tena, kwa sababu ya salfa. Ujuzi huu uko karibu nasi: Nairobi, tangu 2009, The XYZ Show ya mchora katuni Gado, mzaliwa wa Tanzania, ilionyesha wanasiasa wa vikaragosi vya mpira kwenye televisheni. Haikuwa njozi, lakini mpira ni ule ule.

Povu halidumu. Jua na hewa hulikausha, baada ya miaka kadhaa linamomonyoka kama mkate mkavu. Kinachodumu ni kalibu. Yoda, yule mzee mdogo wa kijani wa filamu za Star Wars, aliyeonekana mwaka 1980, alirudi kwenye filamu ya 2017 akiwa kikaragosi tena, baada ya miaka ya kuwa wa kompyuta, na waliomtengeneza waliweza kwa sababu makalibu ya kwanza yalikuwa yametunzwa. Kwa hiyo kila kalibu liandikwe kwa chuma, sio kwa kalamu: jina la kiumbe, tarehe, kiwango cha povu, namba ya rangi ya ngozi. Likae juu ya ubao, mbali na sakafu yenye unyevu. Na kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja nalo, wekeni ile karatasi ya vipimo vya kamera na diski yenye fremu tupu zote za kiumbe huyo. Asanteni sana. Mwenye swali aanze, na wachongaji mtangulie.